Anna Sutherland Bissell

Anna Sutherland Bissell (River John, Nova Scotia, Kanada, 2 Desemba 1846 – Grand Rapids, Michigan, Marekani, 8 Novemba 1934) alikuwa mwalimu, mfanyabiashara na kiongozi wa kiwanda. Kuanzia mwaka 1889 hadi 1919 alikuwa rais wa kampuni ya Bissell, iliyotengeneza mashine za mkono za kufagia mazulia, kisha akawa mwenyekiti wa bodi yake hadi alipofariki.

Anakumbukwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kuieneza mashine hiyo katika nyumba za Amerika ya Kaskazini na Ulaya. La pili ni kuwawekea wafanyakazi wake pensheni na fidia ya ajali wakati ambapo sheria ya Michigan haikumlazimisha mwajiri yeyote kufanya hivyo.

Vitabu vya historia ya uvumbuzi kwa kawaida humtaja mume wake, Melville Reuben Bissell, kwa kuwa hataza ya mwaka 1876 ilitolewa kwa jina lake. Lakini Melville aliishi chini ya miaka 13 baada ya kupata hataza hiyo, na Anna aliiongoza kampuni kwa miaka 30. Sehemu kubwa ya yale yaliyofanya jina la Bissell lijulikane yalitokea mkewe akiwa kwenye kiti.

Maisha ya awali

Anna alizaliwa River John, kijiji cha pwani katika wilaya ya Pictou, Nova Scotia, akiwa binti wa William na Eleanor Sutherland. Baba yake alikuwa nahodha wa meli. Anna akiwa bado mtoto, familia ilihamia De Pere, mji mdogo kando ya mto Fox katika jimbo la Wisconsin, Marekani, na huko ndiko alikokulia.

Akiwa na umri wa miaka 16 alianza kufundisha shule. Umri huo unaweza kumshangaza msomaji wa leo, lakini haukuwa ajabu katika Marekani ya karne ya 19. Shule nyingi za vijijini zilikuwa na chumba kimoja, mwalimu mmoja na watoto wa rika zote, na mwalimu huyo mara nyingi alikuwa msichana aliyemaliza masomo yake juzi tu. Alitakiwa kuwasha jiko asubuhi, kufagia darasa na kusikiliza masomo ya kila kundi kwa zamu huku makundi mengine yakiwa na kazi ya kufanya. Wanaoandika maisha ya Anna hupita haraka juu ya miaka hii. Hata hivyo, mtu aliyewahi kuongoza darasa la namna hiyo atakubali kwamba ni shule nzuri ya kujifunza kugawa kazi na kujua jina la kila mtu.

Mwaka 1865, akikaribia umri wa miaka 19, aliolewa na Melville Bissell, kijana mwenyeji wa jimbo la New York. Wawili hao walifanya biashara Kalamazoo, kisha wakahamia Grand Rapids, Michigan, wakafungua duka la vyombo vya udongo na kauri. Walijaliwa watoto watano, na mmoja wao, binti, alifariki akiwa mdogo.

Kazi ya kusafisha zulia kabla ya mashine

Ili kuelewa kwa nini mashine ndogo ya mbao iliweza kulisha kiwanda kizima, ni lazima kwanza kuelewa zulia la wakati ule. Msomaji aliyezoea mkeka au jamvi, ambalo hukunjwa, hutolewa nje na kukung'utwa kwa dakika chache, anaweza kudhani kazi ni ile ile. Sivyo. Kuanzia miaka ya 1840 mitambo ya kufuma iliyoendeshwa kwa nguvu ya mvuke au maji ilishusha bei ya mazulia, na familia za watu wa kipato cha kati zikaanza kutandika zulia kutoka ukuta hadi ukuta na kulipigilia misumari sakafuni.

Zulia la namna hiyo lilitolewa mara moja au mbili kwa mwaka, hasa majira ya kuchipua, baada ya miezi mingi ya moshi wa makaa na matope ya theluji. Samani zote zilitolewa chumbani, misumari iking'olewa mmoja mmoja, zulia likabebwa nje na kuanikwa kwenye kamba, kisha likapigwa kwa kipigio hadi vumbi liishe. Kazi hiyo ilichukua siku nzima kwa chumba kimoja, na iliwaangukia wanawake wa nyumba pamoja na watumishi.

Kati ya siku hizo kuu palikuwa na ufagio tu. Ufagio ulilirusha vumbi hewani, nalo likarudi chini baada ya saa moja. Njia iliyotumika sana ilikuwa kumwaga majani ya chai yaliyotumika, yakiwa bado mabichi, ili yashike vumbi, kisha kuyafagia. Mwaka 1882 Robert Koch wa Ujerumani alipotangaza kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu, vumbi la nyumbani lilianza kutazamwa kama hatari ya afya, si aibu ya mama wa nyumba peke yake.

Mashine ya mwaka 1876

Duka la akina Bissell lilipokea vyombo vilivyofungwa katika unga wa mbao ili visivunjike njiani. Kila sanduku lilipofunguliwa, unga huo ulisambaa na kunasa katika zulia la duka. Simulizi hutofautiana hapa: wengine husema Anna ndiye aliyechoka kulifagia, wengine husema Melville ndiye aliyesumbuliwa na vumbi. Kinachokubalika ni kwamba walinunua mashine ya kufagia iliyokuwa sokoni, wakaiona haifai, na Melville, aliyekuwa fundi wa asili, akaanza kuirekebisha. Alipata hataza yake tarehe 19 Septemba 1876.

Hakuwa wa kwanza. Daniel Hess wa Iowa alipata hataza ya mashine ya kufagia zulia mwaka 1860, na wengine walikuwa wamejaribu kabla na baada yake. Muundo wa msingi ni rahisi. Ni sanduku la mbao lenye magurudumu manne na mpini mrefu. Ndani yake mna brashi ya mviringo inayozungushwa na magurudumu yenyewe kwa msuguano, bila injini wala umeme. Mtu anaposukuma, brashi huzunguka na kuokota takataka, ikizitupa katika visahani viwili vilivyo mbele na nyuma. Visahani hivyo hufunguliwa kwa kubonyeza, na taka humwagwa.

Tatizo la mashine za awali lilikuwa brashi isiyobadilika kimo. Kwenye zulia nene ilikwama, kwenye zulia jembamba haikugusa kitu. Sifa ya mashine ya Bissell ni kwamba mtumiaji aliweza kuongeza au kupunguza mgandamizo wa brashi kwa kukandamiza mpini tu, kama mtu anavyofanya na ufagio bila kufikiri.

Wateja wa duka walioiona ikitumika walianza kuuliza bei yake. Ikawa biashara ya pili, na baadaye biashara pekee.

Kazi ya Anna kabla ya 1889

Utengenezaji ulianza ghorofani, juu ya duka. Brashi zilitengenezwa kwa nywele ngumu za nguruwe, na kazi hiyo ilifanywa na wanawake majumbani mwao. Walizifunga nywele katika vishungi kwa uzi, wakazichovya katika lami ya moto, wakazichomeka kwenye vijiti vya mviringo, kisha wakazikata sawasawa kwa mkasi. Anna alizunguka mjini kuwapelekea malighafi na kukusanya kazi iliyokamilika, akiibeba katika vikapu vya kufulia nguo. Kwa hiyo alijua mapema gharama ya kila kipande na nani ana mkono mzuri, na pia kazi ilivyokuwa katika nyumba zile.

Alikuwa pia muuzaji. Yeye na mumewe walisafiri kutoka mji hadi mji wakiionyesha mashine dukani na kuiuza kwa dola 1.50. Njia yao ilikuwa kumwaga uchafu juu ya zulia la mwenye duka mbele ya macho yake na kuuokota wote. Historia ya kampuni inamtaja Anna kuwa ndiye aliyefanikiwa kuiingiza katika maduka makubwa, likiwemo lile la John Wanamaker wa Philadelphia, ambalo wakati huo lilitazamwa na wafanyabiashara wa nchi nzima.

Mwaka 1883 kampuni ilijenga kiwanda chake Grand Rapids. Mji huo ulikuwa mahali pazuri pa kazi hii. Ulikuwa umekwisha kuwa mji mkuu wa samani za Marekani, wenye mbao, mafundi, viwanda vya kupasua na njia za reli, na sanduku la mashine ya Bissell kwa kweli lilikuwa samani ndogo yenye brashi.

Mwaka uliofuata, 1884, kiwanda kiliungua. Huu ndio wakati Anna alipoonekana hadharani kwa mara ya kwanza kama kiongozi. Alikwenda katika mabenki ya mji na kupata mikopo kwa dhamana ya jina la familia kuliko mali, maana mali ilikuwa majivu. Kwa mujibu wa historia ya kampuni, uzalishaji ulirudi katika muda usiofika wiki tatu.

Kuchukua uongozi

Melville alifariki kwa homa ya mapafu mwezi Machi 1889, akiwa na umri wa miaka 45. Anna alikuwa na miaka 42, watoto wa kulea na kampuni yenye ushindani mkali. Angeweza kuuza hisa na kuishi kwa faida yake, au kumwachia kiti mmoja wa mameneja. Aliamua kukikalia mwenyewe.

Hali ya kisheria inasaidia kueleza jambo hili. Katika mapokeo ya sheria ya Kiingereza, ambayo Marekani iliyarithi, mke aliyeolewa alihesabiwa kuwa chini ya mumewe katika mikataba na mali, ingawa majimbo mengi yalikuwa yamelegeza kanuni hiyo kufikia wakati huo. Mjane hakuwa na kizuizi hicho. Ndiyo maana wanawake walioongoza makampuni makubwa kabla ya karne ya 20 walikuwa wajane kwa sehemu kubwa, kama Barbe-Nicole Ponsardin, mjane Clicquot, huko Reims, Ufaransa, kuanzia 1805.

Anna mara nyingi huitwa mwanamke wa kwanza kuwa mtendaji mkuu wa kampuni nchini Marekani. Dai hilo linafaa kutumiwa kwa uangalifu. Cheo chenyewe hakikuitwa hivyo mwaka 1889, na Rebecca Lukens aliongoza kiwanda cha chuma huko Pennsylvania kuanzia 1825, pia baada ya kifo cha mumewe. Lililo salama kusema ni kwamba Anna alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuongoza kampuni ya viwanda yenye soko la kimataifa, na kwamba aliiongoza kwa muda mrefu kuliko karibu wote.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi hulisahau. Mwanamke huyu alitia sahihi mikataba ya kuuza bidhaa ng'ambo na kuamua mishahara ya wanaume wengi, lakini hakuwa na haki kamili ya kupiga kura mpaka Michigan iliporekebisha katiba yake mwaka 1918. Wanaume aliowaajiri, wenye uraia, walipiga kura. Yeye aliyewalipa hakupiga. Alipopata haki hiyo alikuwa na umri wa karibu miaka 72 na alibakiza muda mfupi kumaliza urais wake.

Masoko

Mkazo wa Anna ulikuwa kulinda hataza za kampuni dhidi ya waigaji na kupanua mauzo nje ya nchi. Huko Uingereza kulikuwa na mshindani wa nyumbani, mashine za Ewbank zilizotengenezwa na Entwisle & Kenyon wa Accrington. Hata hivyo jina la Bissell lilienea kiasi cha kugeuzwa kitenzi, yaani kusafisha zulia kukaitwa kwa jina la kampuni. Kampuni hupenda kusimulia kwamba Malkia Victoria alitaka mazulia ya majumba yake yasafishwe kwa mashine hiyo kila wiki. Ni simulizi la muuzaji, na lichukuliwe hivyo, ingawa mauzo makubwa ya Uingereza yenyewe hayana shaka.

Mtu mwingine anayetajwa sana katika habari hii ni Claude Hopkins, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa watangazaji wa biashara maarufu zaidi duniani. Aliajiriwa Bissell kama karani wa hesabu Melville akiwa hai. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1927, anaeleza jinsi alivyopendekeza mashine iuzwe kama zawadi ya Krismasi. Aliandika barua zipatazo 5,000 kwa wenye maduka na kupata oda 1,000. Baadaye akashauri itengenezwe kwa aina 12 za mbao, na hata kwa mbao nyekundu iliyoletwa kutoka India, ili wanawake waitamani kwa uzuri wake.

Wengi husoma masimulizi hayo na kuhitimisha kwamba Hopkins ndiye aliyeiinua kampuni. Kipaji chake hakibishaniwi. Lakini karani mwenye wazo huhitaji mkuu wa kazi atakayekubali kununua shehena ya mbao za gharama kwa ajili ya ufagio, na baada ya Melville kufariki mkuu huyo alikuwa Anna. Hopkins aliondoka katika miaka ya 1890 kwenda kampuni ya nyama ya Swift huko Chicago, na Bissell iliendelea kukua bila yeye.

Mageuzi kazini

Sehemu hii ndiyo inayomtofautisha Anna na wenye viwanda wengi wa wakati wake. Aliweka mpango wa pensheni kwa wafanyakazi na bima ya kuwafidia walioumia kazini, akiwa miongoni mwa waajiri wa mwanzo Marekani kufanya hivyo. Uzito wa hatua hiyo hauonekani mpaka mtu ajue lililompata mfanyakazi wa kawaida.

Kiwanda cha mbao kilikuwa mahali pa misumeno, mikanda ya mashine isiyofunikwa na vumbi linaloshika moto. Fundi aliyekatwa vidole hakuwa na fungu lolote la kisheria. Alikuwa na haki ya kumshtaki mwajiri mahakamani, basi. Na huko mwajiri alikuwa na ngao tatu. Ya kwanza ilikuwa kwamba mfanyakazi aliijua hatari alipoikubali kazi, kwa hiyo aliichukua mwenyewe. Ya pili, kama ajali ilisababishwa na mfanyakazi mwenzake, mwajiri hakuwajibika. Ya tatu, kama aliyeumia alizembea hata kidogo, alipoteza dai lote. Ni vigumu kufikiria ajali ya kiwandani isiyoangukia walau moja ya hizo. Aliyeshindwa kesi alibaki na deni la wakili, mkono mmoja na familia ya kulisha.

Ulaya ilikuwa imetangulia. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884 na ya pensheni ya uzee mwaka 1889, mwaka ule ule Anna alipoketi kwenye kiti cha mumewe. Uingereza ilifuata kwa sheria ya fidia ya mwaka 1897. Marekani ilichelewa. Wisconsin, jimbo alikokulia, ilianza kutumia sheria yake ya fidia mwaka 1911, na Michigan ilipitisha yake mwaka 1912. Pensheni ya taifa zima ilikuja kwa sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Kwa hiyo fundi wa Bissell alikuwa na kitu ambacho jirani yake, aliyetengeneza viti mtaa wa pili, hakuwa nacho. Hili lina pande mbili, na makala nyingi za kumsifu Anna huonyesha upande mmoja tu.

Upande wa kwanza ni kwamba alithibitisha kuwa jambo linawezekana. Hoja kuu ya wenye viwanda dhidi ya sheria za fidia ilikuwa kwamba gharama ingewafilisi. Kampuni iliyofanya hivyo kwa hiari, ikiwa na washindani wasiofanya, na bado ikauza nje ya nchi, iliidhoofisha hoja hiyo.

Upande wa pili ni kwamba ulinzi unaotokana na wema wa mwenye mali huishi kadiri wema huo unavyoishi. Mfanyakazi hakuweza kuudai mahakamani kama haki ya raia, wala kuubeba akihamia kiwanda kingine. Udhaifu huo ulionekana wazi katika mji huo huo. Mwezi Aprili 1911 maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya samani vya Grand Rapids, wengi wao wahamiaji wa Kiholanzi na Kipolandi, waligoma wakidai siku ya kazi ya saa tisa, nyongeza ya mshahara na kukomeshwa kwa malipo ya kipande. Mgomo ulidumu kama miezi minne, ukaisha bila wao kushinda. Mfano mzuri wa mwajiri mmoja haukuwa umewafikia. Kilichowafikia ni sheria ya 1912, iliyowahusu bila kujali jina la tajiri wao.

Pamoja na hayo, si haki kumlaumu Anna kwa kutofanya kazi ya bunge. Hakuwa mbunge, na kama ilivyoelezwa, hata kura hakuwa nayo. Alibadilisha kile kilichokuwa chini ya mkono wake.

Shughuli za kijamii

Mwaka 1897 Anna alianzisha Bissell House huko Grand Rapids, nyumba ya jamii iliyotoa mafunzo na burudani kwa vijana na kwa wanawake wahamiaji. Nyumba za namna hiyo zilikuwa sehemu ya harakati iliyoanzia London kwa Toynbee Hall mwaka 1884 na kuenea Marekani kwa mfano wa Hull House, iliyofunguliwa Chicago mwaka 1889 na Jane Addams pamoja na Ellen Gates Starr. Wazo lake lilikuwa kwamba wenye elimu waende kuishi au kufanya kazi katikati ya maskini badala ya kuwatumia sadaka kutoka mbali.

Alihudumu pia katika bodi ya nyumba ya watoto ya Blodgett, iliyowatafutia makao mamia ya watoto wasio na wazazi wa kuwalea. Katika kanisa la Methodisti la Kiaskofu alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mdhamini, na kwa miaka mingi alikuwa mwanamke pekee katika chama cha kitaifa cha wafanyabiashara wa vifaa vya chuma na vya nyumbani, ambacho jina lake lenyewe lilisema ni cha wanaume.

Ushindani wa mashine za umeme

Katikati ya uongozi wake, kazi ya kusafisha mazulia ilianza kubadilika kutoka msingi. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alipata hataza ya mashine inayofyonza vumbi badala ya kulifagia. Mashine yake ilikuwa kubwa kiasi cha kuvutwa na farasi. Ilisimama barabarani, na mabomba marefu yakapitishwa madirishani. Kwa hiyo Booth hakuuza mashine, aliuza huduma. Mwaka 1902 ilitumika kusafisha zulia la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Edward VII, na watu wa tabaka la juu wakaanza kuialika kama karamu.

Pigo la karibu zaidi lilitoka Ohio. James Murray Spangler, mfagiaji wa jengo la duka huko Canton aliyesumbuliwa na pumu, alitengeneza mashine ndogo ya umeme yenye brashi inayozunguka na mfuko wa vumbi, akapata hataza mwaka 1908. William Henry Hoover alinunua haki zake, na jina la Hoover likawa kitenzi kipya, likichukua nafasi ya lile la Bissell.

Mashine ya Anna haikufa. Umeme ulikuwa bado haujafika katika nyumba nyingi, mashine ya umeme ilikuwa ghali, nzito na yenye kelele, na hata waliokuwa nayo waliendelea kutumia ile ya mkono kuokota makombo baada ya chakula. Kampuni ilibaki na bidhaa yake kuu kwa miongo kadhaa zaidi. Katika miaka ya 1950 iliingia katika vifaa vya kuosha mazulia kwa sabuni, na baadaye katika mashine za umeme za kila aina.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1919 Anna aliacha urais akiwa na umri wa miaka 72 na kubaki mwenyekiti wa bodi, huku watoto wake wakiwa tayari ndani ya uendeshaji. Alifariki Grand Rapids tarehe 8 Novemba 1934, akikaribia kutimiza miaka 88. Wakati huo Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, na swali la pensheni na bima ya wafanyakazi lilikuwa limehamia Washington.

Kampuni ya Bissell ingali mali ya familia na makao yake yako Walker, pembeni ya Grand Rapids. Mwaka 2016 sanamu ya Anna iliwekwa katikati ya mji wa Grand Rapids. Mashine ya mkono ya kusukuma, yenye brashi na visahani vyake, ingali inatengenezwa hadi leo. Hutumika hasa katika mikahawa na hoteli, mahali ambapo makombo yanatakiwa kuondolewa wageni wakiwa bado mezani na kelele ya mashine ya umeme haivumiliki.